Asilimia 10 ya shamba inayolinda mbolea yako: somo kutoka hifadhi ya nyasi ya Iowa

 

Kuna swali naulizwa karibu kila msimu, pale ninapomshauri kijana aache ukanda wa majani unaokata mteremko wa shamba lake. "Afisa, hii ardhi nimeikodi kwa hela. Kila mita nisiyopanda ni hasara. Sasa niache majani ya nini?"

Ni swali zuri, na anayeuliza hivyo anajua hesabu. Kwa hiyo leo sitajibu kwa maneno ya "tutunze mazingira" peke yake. Nitajibu kwa namba, na namba zenyewe zinatoka mbali kidogo: jimbo la Iowa, Marekani, linaloongoza kwa mahindi katika nchi hiyo. Huko kuna hifadhi ya nyasi ambayo pia ni shamba darasa kubwa, na ndani yake watafiti walipima hasa jambo hili unalouliza.

Hifadhi yenyewe ni ipi?

Inaitwa Neal Smith National Wildlife Refuge. Iko karibu na mji mdogo wa Prairie City, mashariki ya Des Moines, makao makuu ya jimbo. Ilianzishwa mwaka 1990 kwa uamuzi wa Bunge la Marekani, na baadaye ikapewa jina la mbunge aliyeipigania.

Kinachoifanya iwe ya pekee ni kwamba haikuanza kama pori. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa mashamba ya kawaida ya mahindi na soya. Kampuni ya umeme ilikuwa imeyanunua ili ijenge mtambo wa nyuklia, mpango ukafa, ardhi ikabaki. Serikali ikaichukua ikiwa na lengo moja: kurudisha uoto wa asili pale pale jembe lilipopita.

Uoto huo wa asili unaitwa preri. Ni nyanda za nyasi ndefu zilizochanganyika na mimea mingi ya maua, miti ikiwa michache sana. Zamani preri ilifunika sehemu kubwa ya Iowa. Leo imebaki chini ya asilimia 0.1 ya ile ya mwanzo. Soma tena hiyo namba: si asilimia 10, wala si asilimia moja. Vipande vilivyosalia vilikuwa kwenye makaburi ya zamani, kandokando ya reli na kwenye miinuko ambayo trekta haikuweza kupanda.

Udongo uliotengenezwa na nyasi

Kwa nini mkulima ajali habari za nyasi zilizokwisha? Kwa sababu udongo uliowapa watu wa Iowa utajiri wao ulitengenezwa na nyasi hizo.

Mizizi ya mimea ya preri inashuka mita mbili, tatu, mingine zaidi. Kila mwaka sehemu ya mizizi hiyo inakufa na kuoza humo humo ardhini. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka unapata udongo mweusi, mwepesi kuvunjika mkononi, wenye mboji nyingi hadi chini. Usiuchanganye na ule udongo mweusi wa mbuga tunaoujua sisi, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Huu ni mweusi kwa sababu ya mboji.

Walowezi wa kwanza walipata tabu kuulima. Udongo ulikuwa unaganda kwenye plau za chuma cha kusubu, inabidi mtu asimame kila baada ya hatua chache akwangue. Mwaka 1837 fundi mhunzi wa Illinois akatengeneza plau ya chuma laini kilichong'arishwa, isiyoshikwa na udongo. Fundi huyo aliitwa John Deere. Ndiyo, jina lile lile unaloliona kwenye trekta la kijani.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Ndani ya miaka mia moja hivi, karibu preri yote ikawa shamba. Mavuno yakawa makubwa kweli, lakini udongo ukaanza kuondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia picha za setilaiti na vipimo vya udongo, ulikadiria kwamba karibu theluthi moja ya ardhi inayolimwa katika Ukanda wa Mahindi wa Marekani imeshapoteza tabaka lote la udongo wa juu wenye mboji. Na sehemu zilizoathirika zaidi ni zile ambazo sisi wote tungezitaja bila kuambiwa: vilele na migongo ya miinuko.

Hawa ni watu wenye mashine za kisasa, mbegu bora, mbolea na bima. Mvua na mteremko havikujali hayo.

Waliirudishaje?

Preri haikurudi kwa kuacha shamba lipumzike. Ukiacha tu, unapata magugu ya kigeni na vichaka. Ilibidi waende kwenye vile vipande vidogo vilivyobaki, wakusanye mbegu kwa mikono, aina moja moja, wazizalishe, kisha wazipande kwenye mashamba ya zamani. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wa hifadhi pamoja na watu wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi wa shule.

Mwaka 1996 wakaleta nyati wa Marekani, wale wenye nundu na manyoya mazito, wakawaweka kwenye eneo lenye uzio. Sababu si utalii peke yake. Preri iliumbwa na vitu vitatu: hali ya hewa, moto na wanyama wanaokula majani. Ukitoa moto na wanyama, miti inaingia na nyasi zinakufa kwa kukosa mwanga. Kwa hiyo hifadhi huchoma vipande vya nyasi kwa mpango maalumu, kwa wakati uliochaguliwa, kukiwa na watu waliofunzwa na njia za kuzuia moto. Naomba hapa tuelewane: huo si moto wa kuandaa shamba kama tunaoufanya huku kila kiangazi. Moto wa kuchoma mabaki ya mazao unakuondolea chakula cha udongo.

Upande wa elimu, hifadhi ina kituo cha kujifunzia. Watoto wa shule wanakuja, wanatoka nje, wanaona mimea, mizizi, wadudu na wanyama kwa macho yao. Fikiria mtoto wa mkulima wa Iowa: amezaliwa katikati ya mahindi, hajawahi kuona mmea uliotengeneza udongo wa baba yake. Pale anauona na kuugusa.

Lakini somo lililotufikia sisi huku halikutoka kwenye darasa la watoto. Lilitoka kwenye mashamba ya majaribio yaliyokuwa ndani ya hifadhi hiyo.

Jaribio la 2007

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa na wenzao, akiwemo mwanaikolojia Lisa Schulte Moore, walijiuliza swali la kibiashara kabisa. Hakuna mkulima atakayegeuza shamba lote kuwa preri. Je, akitoa kipande kidogo tu, na akakiweka mahali sahihi, atapata nini?

Wakachagua vishamba 12 vyenye mteremko. Kila kimoja ni eneo ambalo maji yake yote ya mvua yanakusanyika na kutokea sehemu moja chini, ambapo waliweka vifaa vya kupima. Wakavigawa hivi:

1. Vingine vilipandwa mazao asilimia 100, mahindi na soya kwa kupokezana, bila kutifua ardhi.
2. Vingine vilitolewa asilimia 10 kwa ajili ya preri, yote ikiwa chini mwisho wa mteremko.
3. Vingine vilitolewa asilimia 10 pia, lakini ikigawanywa kuwa kanda kadhaa zinazokata mteremko.
4. Vingine vilitolewa asilimia 20, kwa kanda.

Preri ikapandwa mwaka 2007. Matokeo ya miaka kadhaa ya vipimo yalichapishwa mwaka 2017. Tazama hapa, ukilinganisha shamba lenye kanda za preri na lile lililolimwa lote:

- Maji yaliyotiririka juu ya ardhi na kuondoka shambani yalipungua kwa asilimia 37.
- Udongo uliobebwa na maji ulipungua kwa asilimia 95. Yaani kila kilo 20 zilizotoka kwenye shamba tupu, hapa ilitoka kilo moja.
- Fosforasi iliyoondoka na maji hayo ilipungua kwa asilimia 77, na naitrojeni kwa asilimia 70.
- Wadudu wachavushaji waliongezeka mara 3.5, na aina za ndege wa asili zikaongezeka mara mbili na kidogo.

Na mazao je? Mavuno kwa kila ekari iliyopandwa hayakushuka. Kanda hazikuyaibia mahindi.

Jambo la kushangaza zaidi: kutoa asilimia 20 hakukuleta faida kubwa kuliko asilimia 10 katika kuzuia udongo. Asilimia 10 ilitosha. Na kumbuka kwamba hata yale mashamba yasiyo na kanda yalikuwa hayatifuliwi, yaani tayari yalikuwa yanalimwa kwa njia ya kuhifadhi udongo. Kanda zikaongeza kinga juu ya kinga.

Inawezekanaje kipande kidogo kifanye kazi kubwa hivyo?

Sababu ni tatu, na zote unaweza kuziona shambani kwako mvua ikinyesha.

Kwanza, kasi ya maji. Maji yanayoteremka mita 20 hayana nguvu. Yakiteremka mita 150 bila kizuizi yanachimba. Nyasi zenye mashina magumu, zisizolala mvua ikipiga, zinayavunja kasi. Maji yakipunguza mwendo, yanatua mzigo. Mzigo wenyewe ni udongo wako.

Pili, mizizi. Mizizi mirefu ya kudumu inafungua vinjia ardhini, na maji yanazama badala ya kukimbia. Mizizi ya mahindi ipo miezi michache tu kila mwaka.

Tatu, wakati. Mvua kubwa za Iowa zinakuja majira ya kuchipua, mahindi yakiwa bado madogo au hayajaota. Shamba liko wazi. Kwetu ni vile vile: mvua za kwanza zinakuta shamba limelimwa jana, udongo umelegea, hakuna jani hata moja. Ukanda wa majani ya kudumu upo kazini siku hiyo, mazao hayapo.

Sasa turudi kwenye hela yako

Nimesema swali la kijana aliyekodi shamba ni zuri. Hebu tulijibu.

Ardhi ni ya mwenye shamba, sawa. Udongo ukiondoka, yeye ndiye atakayelia miaka ijayo. Lakini mbolea iliyo ndani ya udongo huo ni ya nani? Ni yako. DAP uliyopandia na urea uliyokuzia umenunua kwa fedha yako, au kwa mkopo unaotakiwa kuurudisha msimu huu huu. Fosforasi haisafiri peke yake, inajishikiza kwenye chembe za udongo. Udongo ukiondoka, DAP imeondoka. Kwa hiyo mmomonyoko si tatizo la wajukuu tu. Ni hasara ya msimu huu, ila haina risiti.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Chukua mfano tu, weka namba zako mwenyewe. Una ekari 10 na wastani wako ni gunia 20 kwa ekari. Ukitoa ekari moja, haraka haraka unasema umepoteza gunia 20. Lakini si kila ekari inatoa gunia 20. Pale chini panapotuama maji, au pale mgongoni palipobaki changarawe, unapata labda gunia 8, na unatumia mbegu, mbolea, dawa na vibarua sawa na kwingine. Mara nyingi sehemu hiyo ndiyo inayokula faida ya sehemu nyingine. Ukanda ukipita hapo, umetoa ekari iliyokuwa inakugharimu.

Ndiyo maana kabla ya kuchora ukanda wowote nakuomba upime mavuno kwa vipande, usipime shamba zima kwa pamoja. Mkulima wa kibiashara anajua kipande gani kinamlipa na kipi hakimlipi.

Yale ambayo kanda haziwezi

Nisiwauzie ndoto. Huko Iowa kwenyewe kanda hizi zina mipaka.

Hazikufanyi uvune zaidi mwaka wa kwanza. Mchanganyiko wa preri unachukua karibu miaka mitatu kushika vizuri, na mwanzoni unafyekwa mara kwa mara ili magugu yasitawale. Hazizuii maji yanayopita kwenye mabomba ya chini ya ardhi, ambayo wakulima wengi wa huko wameyatandaza kuondoa maji shambani. Hazitibu korongo lililokwisha chimbika. Ukipuliza dawa ya magugu hovyo, unaua ukanda wenyewe. Na zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo Iowa inakodishwa, kwa hiyo mpangaji na mwenye ardhi lazima wakubaliane, kama kwetu tu.

Serikali yao iliona hilo la gharama. Sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iliingiza kanda za preri kwenye mpango wa kumlipa mkulima anayepumzisha sehemu ya ardhi yake. Sisi usitegemee malipo ya namna hiyo. Ukanda wako ujilipe wenyewe.

Tuchukue nini, tuache nini

Tuache mbegu zao. Mimea ya preri ni ya kule, kwenye baridi kali na theluji. Kuleta mmea wa kigeni kuzuia mmomonyoko kunaweza kukuachia gugu lisilong'oleka.

Tuchukue kanuni: kipande kidogo, cha mimea ya kudumu, kilichowekwa kukata mteremko. Namna ya kuifanya hapa kwetu:

1. Pima kontua kwanza. Tumia fremu A ya miti mitatu, kamba na jiwe. Ukanda ukipinda kufuata jicho lako tu, utageuka mfereji na kukuharibia shamba. Kama hujawahi, mwite afisa ugani wa kata yako akuelekeze. Ni kazi yetu.

2. Anzia mwisho wa mteremko, kisha panda juu. Kama huna uwezo wa kanda tatu, weka moja chini kabisa msimu huu. Hata kwenye lile jaribio, ukanda wa chini peke yake ulifanya kazi kubwa.

3. Chagua majani kwa kazi unayotaka. Vetiva ina mashina magumu na mizizi mirefu inayoshuka wima. Guatemala na mabingobingo yanakupa malisho ya kukata, ila mabingobingo yanakula chakula cha mazao ya jirani, kwa hiyo yakate mara kwa mara. Ukipata nafasi, acha na mimea ya asili yenye maua ichanganyike. Mahindi yanachavushwa na upepo, hayahitaji nyuki. Lakini anayelima tikiti, tango au alizeti anawahitaji sana.

4. Upana ufuate mashine. Iowa kanda zao huanzia mita 9 hivi. Kwenye shamba dogo huwezi, na mstari mnene wa vetiva unachukua nafasi ndogo zaidi. La muhimu ni kwamba upana wa mashine yako ya kupandia au kupulizia uingie mara kamili kwenye nafasi kati ya ukanda na ukanda, usibaki na vipande vya kona.

5. Linda dhidi ya mifugo na moto. Ukanda unaoliwa hadi udongoni kila kiangazi hauzuii kitu. Ongea na majirani na uongozi wa kijiji mapema. Ukitaka majani kwa ng'ombe, kata upeleke.

6. Andika mkataba wa kukodi zaidi ya msimu mmoja. Miaka mitatu au mitano, kwa maandishi, mbele ya serikali ya kijiji. Mwambie mwenye shamba utaliacha likiwa na kanda. Hiyo ni hoja yako ya kuomba bei nafuu.

Na kipimo cha mwisho hakihitaji chuo kikuu. Mvua kubwa ijayo ikikatika, vaa mabuti, nenda pale maji yanapotokea shambani kwako. Chota maji hayo kwenye chupa nyeupe, yaache hadi asubuhi. Tope litakalotulia chini ya chupa ndilo udongo wako pamoja na mbolea uliyoikopea. Piga picha, andika tarehe. Weka ukanda, kisha msimu unaofuata chota tena mahali pale pale.

Watu wa Iowa walihitaji kupoteza karibu preri yote ndipo waanze kuirudisha kwa ukanda mmoja mmoja. Kwetu bado majani yapo kwenye mipaka ya mashamba, kwenye kingo za mito, kwenye vipande ambavyo hujavilima. Kabla hujakodi trekta la msimu huu kuvisafisha vyote, zunguka shamba uone vipi vinakata mteremko. Hivyo viache.

Maswali yenu nayakaribisha, hasa mkieleza mteremko wa shamba, aina ya udongo na zao mnalolima. Msimu mwema.